Wadudu gamba: jua jina la mdudu kabla ya kushika bomba

 

Wiki mbili zilizopita alikuja ofisini kijana mmoja anayeuza miche ya matunda na maua karibu na stendi. Mkononi alibeba chungu chenye mti mdogo jamii ya mkuyu, ile miti inayokatwa na kufungwa waya ibaki mifupi, ambayo watu wa mjini huiita bonsai na huinunua kwa bei nzuri.

"Shikamoo Bwana Shamba. Huu mti unaota magamba. Wateja watatu wamenirudishia."

Nikaushika mti. Chini ya majani, kwenye mshipa wa kati, palikuwa na vipele vya rangi ya kahawia vimepangana kama shanga. Majani yalinata, na juu yake pamepakaa weusi kama masizi ya sufuria. Sisimizi walikuwa wanapanda na kushuka.

"Umefanya nini mpaka sasa?"

"Nimepuliza dawa mara tatu. Dukani wameniambia sasa nichanganye mbili."

Nikamwambia akae. Sikumpa dawa ya tatu. Nilimpa historia, na leo nataka nikupe na wewe kwa urefu, kwa sababu mdudu huyu yupo kwenye mchungwa wako, mwembe wako, mnazi wako na kahawa yako. Watu walioshindana naye kabla yetu walipoteza mashamba na fedha nyingi mpaka wakajifunza. Hakuna haja ya wewe na mimi kulipa ada hiyo upya.

Mdudu gamba ni nani?

Wadudu gamba, wengine huwaita vidugamba, ni ndugu wa karibu wa vidung'ata. Jike akishakomaa haruki, na wa aina nyingi hatembei tena. Huchomeka mdomo wake mwembamba kama sindano kwenye gome, jani au tunda, akakaa hapo hapo akifyonza utomvu. Juu ya mwili hujifunika kwa gamba au kwa nta. Ndiyo maana wakulima wengi humwona kila siku wasijue kwamba ni mdudu. Wanadhani ni ugonjwa wa gome au ni sehemu ya mti.

Kwa kazi yetu ya shambani wagawe katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni wenye gamba gumu. Ni wadogo, bapa, mfano wa tone la nta lililokauka. Ukibandua gamba kwa ncha ya pini, mdudu mwenyewe anabaki chini, laini na wa njano. Hawa hawatoi maji matamu, kwa hiyo usitegemee kuona majani yananata. Utaona matawi yanakauka kuanzia ncha, majani yana madoa ya njano, na matunda yamejaa vipele.

Kundi la pili ni wenye gamba laini. Ni wakubwa kidogo na wamebinuka kama nusu ya punje ya mtama. Gamba ni ngozi yao wenyewe, halibanduki peke yake. Hawa hutoa maji matamu yanayonata, juu ya maji hayo huota ukungu mweusi, na sisimizi huyafuata. Wale wa yule kijana wa stendi walikuwa wa kundi hili.

Kundi la tatu ni wa nta nyeupe, wakiwemo vidung'ata. Wanaonekana kama pamba au unga uliomwagika kwenye vikonyo na kwenye maungio ya matawi.

Jambo moja liwekee alama kichwani. Watoto wao wakianguliwa hawana gamba. Ni wadogo kama vumbi, wa njano au rangi ya chungwa, wana miguu, na wanatembea kutafuta pa kukaa. Hapo ndipo upepo huwapeperusha, nguo yako huwabeba, na mche uliouza huwasafirisha. Na ni hapo tu ambapo ni rahisi kuwaua. Wakishajifunika, sehemu kubwa ya dawa unayopuliza inaishia juu ya gamba.

California, 1868 hadi 1889

Mwaka 1868, katika mji wa Menlo Park, jimbo la California nchini Marekani, mdudu mgeni alionekana kwenye miti ya akasia. Alikuwa na mfuko mweupe wenye mifereji, mfano wa mto wa pamba, ambamo hutaga mamia ya mayai. Wataalamu baadaye walimpa jina Icerya purchasi. Kwao ni Australia, na alikuja California pamoja na mimea iliyoletwa kupandwa. Wa kumleta hakukusudia. Alikuwa mtu aliyetaka mti mzuri, kama mteja wako yeyote.

Ndani ya miaka kumi na nane hivi mdudu huyo alikuwa amefika kusini mwa jimbo, penye michungwa. Kufikia 1886 wakulima walikuwa wanang'oa miti na kuichoma moto. Walipuliza sabuni, wakapuliza mafuta. Wakajaribu kuufunika mti mzima kwa hema na kuingiza ndani gesi ya sumu kali ya sayanaidi. Gesi iliua, lakini ni gharama, ni hatari kwa mtu, na mti wa jirani ukibaki na wadudu, wanarudi.

Mkuu wa kitengo cha wadudu katika wizara ya kilimo ya Marekani wakati huo alikuwa Charles Valentine Riley. Yeye aliuliza swali ambalo nakuomba ulichukue kama mali yako: huyu mdudu kwao anakotoka, mbona haui michungwa? Kama kule hasumbui, basi kule kuna anayemla.

Serikali ilikuwa imezuia wataalamu wa wadudu kusafiri nje kwa fedha za umma. Ikapatikana njia. Mwaka 1888 yalikuwa yanafanyika maonyesho makubwa ya kimataifa mjini Melbourne, Australia, na fungu kutoka fedha za maonyesho likamsafirisha mtaalamu mmoja, Albert Koebele. Mjini Adelaide, kwenye bustani, alikuta mbawakavu mdogo wa duara, mwekundu mwenye madoa meusi, akiwala wale wadudu. Jina lake Rodolia cardinalis.

Mbawakavu 28 wa kwanza walifika Los Angeles mwishoni mwa Novemba 1888. Mizigo miwili iliyofuata ikafanya jumla kuwa 129. Waliachiwa kwenye mchungwa mmoja uliofunikwa kwa hema la kitambaa. Mti ule ulipokuwa umesafishwa kabisa, hema likafunguliwa upande mmoja. Kufikia Juni 1889 mbawakavu zaidi ya 10,000 walikuwa wamegawiwa kwa wakulima, na wakulima wenyewe walikuja na vikopo kuchukua matawi yenye mbegu ya mdudu huyo wakapeleke kwao. Ndani ya mwaka mmoja machungwa yaliyosafirishwa kutoka eneo la Los Angeles yalipanda kutoka mabehewa 700 ya treni hadi 2,000.

Hadithi haikuishia hapo, na sehemu hii ya pili ndiyo inayotuhusu zaidi. Katika miaka ya 1940 ilikuja dawa mpya, DDT. Wakulima wa California wakaipuliza kwenye michungwa kwa ajili ya wadudu wengine. Dawa ikamwua mbawakavu mwekundu. Yule mdudu wa pamba, aliyekuwa amesahaulika kwa zaidi ya miaka hamsini, akarudi na kuharibu miti upya. Hakurudi mpaka dawa ilipomwondoa mlinzi.

Dawa ile ile, kila mwaka

Wakati huo huo Marekani ilikuwa inapambana na mdudu mwingine wa gamba gumu, aliyejulikana kwa jina la mji wa San Jose alikoonekana kwanza. Huyu alitoka China, akaenea na miche ya matunda iliyouzwa kutoka kitalu hadi kitalu. Mwaka 1898 Ujerumani ilizuia miche na matunda mabichi ya Marekani kwa hofu ya mdudu huyo mmoja. Fikiri wewe mfanyabiashara: soko zima linafungwa kwa kidoa kisichozidi kichwa cha pini. Mwaka 1912 Marekani nayo ikatunga sheria yake ya karantini ya mimea.

Dawa yake kuu ilikuwa mchanganyiko wa chokaa na salfa. Ilifanya kazi vizuri kwa miaka, kisha sehemu fulani za jimbo la Washington wakulima wakaanza kulalamika kwamba haiui tena. Mwaka 1914 mtaalamu A. L. Melander alichapisha matokeo yake akiuliza kama wadudu wanaweza kuzoea dawa. Jibu lake lilikuwa ndiyo. Hiyo ndiyo taarifa ya kwanza ya kitaalamu inayojulikana duniani kuhusu usugu wa wadudu kwa dawa, na mdudu mwenyewe alikuwa gamba.

Kwa hiyo mtu akikuambia "hii dawa ya siku hizi ni feki", inawezekana kweli ni feki. Lakini inawezekana pia dawa ni halali, ila umepuliza ile ile misimu mingi mpaka waliobaki shambani ni wale isiowaua.

Kahawa ya Kenya: mdudu aliyekosewa jina

Sasa tuje nyumbani. Mwaka 1923 hivi, maeneo ya Thika nchini Kenya, kidung'ata mgeni alianza kushambulia kahawa, kisha mazao ya chakula ya wakulima wa nyanda za juu. Alienea na kuleta hasara kubwa.

Wataalamu wa wakati huo walimtazama wakamfananisha na aina inayojulikana ya huko Asia. Kwa kuwa jina lilisema Asia, safari za kutafuta maadui wake wa asili zikaelekezwa Asia, ikiwemo Ufilipino. Nyigu wadogo wakaletwa kutoka mbali, kwa meli, kwa gharama. Hawakufanikiwa. Miaka ikapita, kahawa inakauka.

Wakulima walibaki na njia ya kujishikiza: kuufunga mti mkanda wenye gundi au grisi kuzuia sisimizi wasipande. Walikuwa wamegundua kwamba pale sisimizi wanapozuiwa, kidung'ata hupungua, kwa sababu sisimizi hunywa yale maji matamu na kwa malipo yake huwafukuza wanaotaka kumla kidung'ata. Ni kama mchunga ng'ombe anavyofukuza fisi.

Katikati ya miaka ya 1930 mtaalamu R. H. Le Pelley alimchunguza upya mdudu huyo na kuonyesha kwamba si yule wa Asia kabisa. Ni aina nyingine, na leo jina lake la kisayansi ni Planococcus kenyae. Jina lina Kenya ndani yake, lakini kwao hakukuwa Kenya. Alikutwa Uganda na Tanganyika akiishi bila kelele, kwa sababu huko nyigu wake walikuwepo. Mwaka 1938 nyigu hao wadogo waliletwa kutoka Uganda, wakaachiwa kwenye kahawa ya Kenya, na ndani ya miaka michache tatizo likatulia. Hesabu iliyofanywa baadaye ilisema kwamba kufikia 1959 kazi ile ilikuwa imeokoa paundi za Uingereza milioni 10, wakati gharama yake haikuzidi paundi 30,000.

Tafakari hapo. Walizunguka bahari mpaka Ufilipino, dawa ipo kwa jirani, safari ya treni. Kilichowapoteza si uvivu wala uhaba wa fedha. Walikosea jina la mdudu.

Mihogo: kosa lile lile, mara ya pili

Mwaka 1973 kidung'ata mwingine mgeni alionekana kwenye mihogo karibu na Kinshasa na Brazzaville, pande mbili za mto Kongo. Ncha za mihogo zilijikunja zikawa kama kichala, majani yakapukutika, na penye mashambulizi makali mavuno yalipungua hadi asilimia 80. Kwa ndugu zetu wa Kongo hilo lilikuwa pigo mara mbili, maana muhogo kwao ni ugali na majani yake, sombe, ndiyo mboga. Mdudu alisafiri kwa upepo na kwa mbegu, yaani vipande vya shina ambavyo watu hupeana kwa wema, jirani kwa jirani. Katika miaka ya 1980 alifika na huku kwetu Tanzania.

Mwaka 1977 alitambuliwa kama aina mpya, Phenacoccus manihoti. Kwa kuwa muhogo asili yake ni Amerika ya Kusini, wakamtafuta huko. Kaskazini mwa bara lile wakakuta kidung'ata anayefanana naye sana. Wakachukua nyigu wake, wakawajaribu, wakakataa kumshambulia mdudu wa Afrika. Kumbe walikuwa wamekuta ndugu yake tu. Yule wa kule ni wa njano na ana madume na majike. Wa Afrika ni wa rangi ya waridi na wote ni majike, wanazaa bila dume.

Mwaka 1981 Anthony Bellotti wa kituo cha utafiti cha CIAT cha Colombia alimkuta mdudu halisi nchini Paraguay. Kutoka huko akapatikana nyigu mdogo, Anagyrus lopezi, mfupi kuliko punje ya ulezi. Alipelekwa kwanza Uingereza akakae karantini, ili kuhakikisha haji na balaa jingine, ndipo akafika kituo cha IITA mjini Ibadan, Nigeria. Kikosi cha kazi hiyo kiliongozwa na Hans Rudolf Herren, raia wa Uswisi, ambaye mwaka 1995 alipewa Tuzo ya Chakula Duniani kwa kazi hiyo. Nyigu aliachiwa kwa mara ya kwanza Nigeria mwaka huo huo wa 1981, akaenezwa kwenye nchi zaidi ya ishirini za Afrika. Hapa kwetu kituo cha Kibaha kilikuwa sehemu ya kazi hiyo ya kuzalisha na kueneza wadudu marafiki.

Leo mkulima wa muhogo anavuna bila kujua jina la nyigu huyo, na hakuna siku ameuziwa. Yupo shambani, anafanya kazi usiku na mchana, na njia ya haraka ya kumfukuza ni kupuliza muhogo dawa isiyohitajika.

Kosa langu mwenyewe

Naandika haya nikiwa na deni. Mwaka wangu wa kwanza kazini, nimetoka chuo na stashahada yangu bado ina harufu ya karatasi mpya, mzee mmoja aliniita kwenye michungwa yake. Miti ilikuwa na magamba, si mengi sana. Sikubandua hata moja kuangalia chini yake. Sikuuliza kama kuna sisimizi. Nilimwandikia dawa kali inayoua kila kitu, nikamwambia apulize kila wiki mbili.

Alinitii, maana alikuwa anamheshimu mtu wa serikali. Mwezi wa kwanza tulifurahi. Msimu uliofuata magamba yalikuja mpaka kwenye matunda, mengi kuliko mwanzo, na hakuna mbawakavu hata mmoja uliyeweza kumwona kwenye miti ile. Mzee alikata michungwa kumi na minne akachoma mkaa. Hakunilaumu. Alisema tu, "Bwana Shamba, tulijaribu." Neno lile "tulijaribu" linaniuma mpaka leo, kwa sababu yeye ndiye aliyelipa, mimi mshahara wangu uliingia kama kawaida.

Nilikuja kusoma habari za California na DDT baada ya hapo. Kilichotokea 1946 kwao mimi nilikirudia kwa mzee yule, kwa kalamu yangu.

Ufanye nini, kwa mpangilio

Basi tuyageuze haya kuwa kazi ya mikono.

1. Tambua. Chukua tawi lenye magamba. Kwaruza kwa ukucha. Likitoka na majimaji, mdudu yuko hai. Likiwa kavu na kupeperuka, amekufa zamani, ila gamba linaweza kubaki mtini kwa miezi, kwa hiyo usipulizie maiti. Kisha tazama juu ya magamba kwenye mwanga. Ukiona kitundu cha duara, safi kama kimetobolewa kwa sindano, hapo nyigu ametoka. Huyo ni mfanyakazi wako. Kama nusu au zaidi ya magamba ni makavu au yana vitundu, usipulize chochote. Subiri wiki tatu uhesabu tena.

2. Ondoa sisimizi. Kata matawi yanayogusa ardhi au mti wa jirani. Palilia chini. Zungushia shina kipande cha plastiki au kitambaa, kisha paka grisi juu yake. Usipake grisi moja kwa moja kwenye gome, utauumiza mti. Angalizo: kwenye mikorosho na minazi majimoto ni walinzi dhidi ya mbu wa mikorosho na minazi, usiwateketeze huko kwa sababu ya magamba machache.

3. Punguza kwa mkono. Kata matawi yaliyozidiwa, uyachome au uyafukie, usiyaburute katikati ya shamba. Mti mdogo au wa kwenye chungu sugua kwa mswaki wa zamani na maji ya sabuni, tawi kwa tawi, pamoja na chini ya majani. Kwa mti wa chungu hii peke yake ni zaidi ya nusu ya tiba.

4. Subiri watoto watambae. Funga gundi ya karatasi ya plastiki, ile selotepu ya kuona upande wa pili, kuzunguka tawi lenye magamba, upande unaonata utazame nje. Ikague kila baada ya siku mbili. Siku utakapoona vumbi la njano limenasa, watoto wametoka. Hiyo ndiyo siku ya kupuliza.

5. Puliza kilicho laini kwanza. Sabuni ya maji vijiko viwili vya chai kwa lita moja ya maji; kwa bomba la lita 15 ni kama mililita 150. Au mafuta ya kula vijiko viwili vya chai na sabuni kijiko kimoja kwa lita moja, utikise sana na uendelee kutikisa. Sabuni na mafuta haviui kwa sumu, hufunika mdudu na kumziba pumzi, kwa hiyo pasipofika maji, mdudu hafi. Lowesha chini ya majani na kwenye maungio. Jaribu kwanza tawi moja na usubiri siku mbili, maana sabuni nyingine huunguza majani. Puliza asubuhi mapema au jioni, usipulize mti wenye kiu. Rudia baada ya siku 7 hadi 10, mara mbili au tatu.

6. Dawa ya dukani iwe ya mwisho. Ukifika hapo, nunua yenye lebo inayotaja zao lako na mdudu wako, iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, yaani TPHPA. Vaa kinga. Heshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Usirudie kundi moja la dawa msimu hadi msimu, kumbuka 1914. Na usichanganye mbili kwa sababu muuzaji amesema.

Kwa wewe unayeuza miche

Rudi nyuma uangalie kila tukio. Icerya alikuja na mimea ya kupandwa. Gamba wa San Jose alienea na miche ya vitalu. Kidung'ata wa mihogo alipita na mbegu za kupeana. Miaka hii ya karibuni kidung'ata wa mipapai, ambaye asili yake ni Mexico, naye amefika kwetu, na mche ulioambukizwa humpeleka haraka kuliko mabawa. Mdudu asiyeruka amezunguka dunia kwa miguu ya wafanyabiashara.

Kwa hiyo mche mpya ukiingia kwenye kitalu chako, uweke kando wiki tatu au nne, mbali na mingine. Ukague chini ya majani na kwenye maungio kabla haujachanganywa. Chungu chenye magamba usikiuze hata kama mteja hajui. Mpunguzie bei mti wenye jani lililopasuka, usimpunguzie bei mti wenye wadudu, kwa sababu huo unamuuzia tatizo la mwembe wake wote nyumbani.

Na usilete mche wala tawi kutoka nje ya nchi kwenye begi. Yule nyigu wa Paraguay alikaa karantini ingawa alikuwa rafiki. Itakuwaje mche usiojulikana una nini?

Yule kijana wa stendi? Tulisugua mti wake pamoja pale nje ya ofisi, kwa mswaki na kopo la maji ya sabuni, ikatuchukua karibu saa nzima. Nikampa kazi ya kuiondoa miti yote sita yenye dalili kutoka kwenye kundi, kufunga selotepu, na kuwarudishia wateja wake watatu fedha zao. Hiyo ya mwisho hakuipenda. Juzi amepita kuniambia selotepu imenasa vumbi la njano, na kwamba mteja mmoja kati ya wale watatu amerudi kununua mche wa mchungwa.

Ukiona gamba usilolielewa, usikimbilie dukani. Kata tawi dogo, lifunge kwenye mfuko wa nailoni usiovuja, uniletee ofisi ya kata au umpelekee afisa ugani wa kwenu. Akianza kuandika dawa kabla hajabandua gamba hata moja, mwambie kwa adabu: "Bwana Shamba, tuangalie kwanza." Hatakasirika. Na kama ni mimi, nitakushukuru.

Kazi njema shambani.